Mabati ya Bondo na Riba ya Nyamasaria

Baba mkwe wangu hakuwahi kukopa benki maisha yake yote, lakini kuna kipindi ambapo hakuna mtu Bondo nzima aliyefuatilia riba kumshinda. Kila baada ya miezi miwili hivi, wale wakubwa wa Nairobi wanaopanga riba walipokutana, yeye alikuwa ameshavuta kiti karibu na redio tangu asubuhi, kama wenzake wanavyongoja matokeo ya mpira. Taarifa ikisomwa tu, simu yangu inalia.

"Nyar Seme," ananiita. Wazee wa huko humwita mke wa mtoto wao kwa jina la kwao alikozaliwa, na mimi nimezaliwa Seme. "Hao watu wamekaa tena."

"Wamekaa, Baba."

"Hawajashusha."

Mambo ya nyumbani tulizungumza kwa Dholuo. Mambo ya riba aliyataka kwa Kiswahili, kile Kiswahili chake cha miaka aliyopima miwa kwenye mizani ya kiwanda cha sukari, kwa sababu aliona ni mambo ya ofisi. Nami nilikuwa nimesimama nje ya darasa, chaki mkononi, wanafunzi wakinichungulia dirishani, nikimweleza mzee wa miaka sabini na minane kwa nini watu asiowajua wamekataa kushusha kitu ambacho hakumkopesha mtu wala kukopa. Nilitamani ardhi inimeze. Maana ni mimi niliyemfanya asikilize hiyo redio.

Nianze na nyumba. Tulikuwa tumehama mara tatu kwa miaka minne, mume wangu, mimi na watoto wawili. Mwenye nyumba wa kwanza aliuza, wa pili alitaka kumwekea mwanawe, wa tatu tuligombana naye juu ya maji, na hapo nakiri ni mdomo wangu. Tulipopata nyumba Nyamasaria, pembeni mwa Kisumu, vyumba vitatu, nyuma kidogo ya barabara kuu ya kwenda Nairobi, niliikagua choo, jikoni na dari kisha nikasema sihami tena mpaka nibebwe. Mume wangu ni afisa wa afya ya umma, mimi ni mwalimu wa hesabu wa sekondari. Benki ilitazama hati zetu za mishahara ikatukubalia mkopo wa miaka ishirini, nyumba yenyewe ikiwa rehani.

Siku ya kutia sahihi, afisa wa mikopo alifunua kurasa na kunionyesha kwa kalamu. "Hapa inasema riba inaweza badilika, Madam."

"Sawa," nikasema, nikatia sahihi.

Mimi! Mtu ninayesimama mbele ya kidato cha tatu kila mwaka nikiwafundisha riba inayozaa riba, na kumfokea anayeruka hatua moja. Niliruka ukurasa mzima. Na najua kwa nini niliruka.

Hapo Nyamasaria kuna mama mwenye duka la vifaa vya ujenzi. Alikuja kutoka upande wa Murang'a zamani akiwa bibi arusi, na sasa anasema Dholuo vizuri kuliko watoto wangu. Kwake unalipia mabati na saruji kidogo kidogo. Leo elfu mbili, mwezi ujao elfu tatu, na vitu vinabaki kwake mpaka utakapokuwa tayari kuvichukua. Bei ya siku uliyoanza kulipa ndiyo bei yako. Mabati yakipanda mara mbili katikati, hilo ni lake. Nusu ya walimu ninaowajua wamejenga kwa wazazi wao namna hiyo, na sisi pia tulikuwa na mabati yetu na saruji yetu pale, tukilipia polepole kwa ajili ya Bondo. Basi nilipoketi mbele ya afisa wa benki, moyoni nilidhani nimeketi mbele ya mama wa duka. Nimeanza na bei hii, nitamaliza na bei hii. Riba iliyoandikwa ni ya wale wanaokuja baada yangu.

Sasa hiyo Bondo. Mume wangu ni kifungua mimba. Kwao, mtoto wa kiume akishaoa na kuzaa hawezi kukaa milele kwenye simba, kile kijumba cha ujana ndani ya boma la babake. Lazima atoke akaanzishe dala, boma lake mwenyewe, na anayemtoa ni baba. Baba anatangulia asubuhi na mapema, mwana anabeba jogoo, mtoto wake wa kwanza wa kiume anabeba shoka, mke anabeba moto. Wakifika uwanja mpya nyumba inasimamishwa siku hiyo hiyo, na wanalala humo. Wadogo zake hawawezi kumruka. Shemeji yangu wa pili alikuwa na watoto watatu amebanana nao kwenye simba yake, na hakuwahi kutulalamikia hata siku moja, jambo ambalo lilinikera zaidi kuliko kama angelalamika.

Na mzee alikuwa mgonjwa. Moyo. Miguu ilivimba, ikapungua, ikavimba tena. Daktari alituambia tusihesabu miaka mingi. Baba akienda kabla hajamtoa mwanawe, ami mmoja atashika nafasi yake, na kuna mengine ambayo mama mkwe aliyataja kwa sauti ya chini huku akipepeta mtama. Mimi hupenda kujidai si mtu wa kuogopa mambo hayo. Niliyaogopa. Zaidi ya yote niliogopa uso wa mume wangu siku ambayo ami yake angesimama mahali pa babake.

Barua ya kwanza ya benki ilikuja mwaka ambao shilingi iliyumba na kila kitu kikapanda. Riba imepanda, ilisema, lakini malipo ya kila mwezi yatabaki yale yale, ila muda wa mkopo utaongezeka. Nilisoma "yatabaki yale yale" nikapiga vigelegele jikoni. Nilipita ufuoni Dunga nikanunua samaki wawili wakubwa wabichi, nikawapika kwa nyanya nyingi, na mezani nikamwambia mume wangu, "Benki ni watu wazuri."

"Wameongeza muda gani?"

"Miaka kidogo tu."

Miaka sikuiona kama kitu. Miaka haitoki mfukoni. Usiku huo huo akampigia babake akamwambia Desemba tunajenga.

Barua ya pili haikuwa na ule upole. Riba imepanda tena, na muda hauwezi kuongezwa zaidi kwa kuwa utavuka umri wetu wa kustaafu. Kwa hiyo kinachopanda sasa ni malipo. Nilikuwa nasahihisha mitihani. Niligeuza karatasi ya mwanafunzi mmoja aliyepata sufuri nikapiga hesabu nyuma yake. Sikupiga kwa shilingi, maana shilingi ilikuwa imenichosha. Nilipiga kwa mabati. Nyongeza ile ilikuwa mabati tisa kila mwezi. Nikakaa nikiyaona yakitoka moja moja pale kwa mama wa duka, yakitembea barabarani kuelekea mjini, yakiingia benki.

Nilipaswa kumwonyesha mume wangu jioni hiyo. Badala yake niliikunja barua nikaitia ndani ya kitabu cha majedwali ya hesabu, mahali ambapo hakuna mtu wa nyumba yangu angegusa kwa hiari. Nilijiambia itashuka. Nikaanza kukosa usingizi. Nikawa mkali shuleni mpaka wanafunzi wakanipa jina, na nilipolijua sikuweza hata kukasirika. Nyumba ya tatu kutoka kwetu walibandika tangazo la mnada la dalali kwenye lango, na mwenye nyumba ile alikuwa mtu wa suti, anayesalimia kwa kuinua mkono kutoka garini. Tangu siku hiyo, nikikata kona ya kwetu jioni, nilitazama lango letu kwanza kabla sijatazama kama watoto wamesharudi.

Mwezi wa tatu wa malipo mapya nilienda kwa mama wa duka.

"Mama, nataka unirudishie pesa ya mabati."

Aliweka kikombe chake cha chai chini. "Mwalimu, haya ulilipia bei ya zamani. Ukirudi hapa utapata bei ya leo. Hiyo ni kujiumiza."

"Najua."

"Mzee anajua?"

"Mzee gani, mume wangu au baba yake?"

"Wote."

Nilimwekea risiti mezani. Alinirudishia pesa ya saruji, mwezi uliofuata ya mabati nusu, na mwezi mwingine tena. Mara ya mwisho alifunga droo. "Zimebaki kumi na mbili. Hizi sikurudishii."

"Ni pesa yangu!"

"Ni yako. Na sikurudishii. Enda ukaniripoti."

Nilimtusi. Sitaandika nilichosema. Nilisema kwa Dholuo nikidhani nitapunguza uzito wake, nikasahau kwamba anaielewa yote. Alichukua kikombe chake akaendelea kunywa chai.

Desemba ilifika. Mume wangu alikodi lori, akaenda dukani kubeba vitu vyake. Alirudi na lori tupu, yale mabati kumi na mawili ameyaacha huko huko, na bado alikuwa amelipa nusu ya nauli yake. Hakupiga kelele. Mimi ndiye mpiga kelele wa nyumba hii. Alikaa kwenye ngazi, akavua viatu, akauliza, "Tangu lini?"

Nilimletea kitabu cha majedwali. Alisoma barua zote, na ya tatu ilikuwa imeshafika. Kisha akasema maneno ambayo yalitugharimu mwaka mzima na zaidi. "Nitamwambia Baba tungoje riba ishuke."

Na ndivyo mzee alivyoanza kusikiliza redio.

Kila alipopiga simu nilijua anauliza nini. Hakuwa anauliza habari za benki. Alikuwa anauliza kama atafika. Nami nilimjibu, "Labda mkutano ujao, Baba," kwa ile sauti ninayotumia kwa mzazi ambaye mtoto wake hatapita. Nilianza kuchukia habari za uchumi. Mtangazaji akisema wakubwa wameamua kuiacha riba ilipo, alilisema kwa sauti ya kawaida kabisa, halafu anaendelea na hali ya hewa. Hakujua kwamba kuna nyumba ya mawe ya vyumba vitatu Bondo, iliyochorwa tu kwenye karatasi, inayongoja kinywa chake. Maana mume wangu alikuwa amechora. Mtu mwenye nyumba Nyamasaria hawezi kutolewa na babake akasimamishe kibanda, watu wa kwao wangesema nini.

Katikati ya mwaka wa pili wa kungoja, miguu ya mzee ilivimba mpaka magotini, ikabidi aletwe Kisumu kwa daktari. Mchana alikaa kwetu. Kulala alikataa kata kata, kwa kuwa baba halali katika nyumba ya mwanawe. Ikifika saa kumi na moja, mume wangu anamwendesha mpaka kwa dada ya mzee. Hilo lilinichoma kuliko nilivyotarajia. Nyumba tunayoilipia mpaka meno yanauma, na mtu tuliyetaka sana kumwonyesha hakuweza kufumba jicho ndani yake.

Siku ya tatu alikuwa kwenye kochi, miguu juu ya stuli. Aligonga ukuta kwa kifundo cha kidole.

"Hii ni ya nani?"

"Ni yetu, Baba," mume wangu akasema.

"Bado ni ya benki," nikasema mimi. Nilikuwa nimechoka kudanganya.

Mzee alinitazama. "Na ya Bondo imefika wapi?"

Mume wangu alikwenda chumbani akaleta mchoro wake. Akautandaza mezani, akaeleza sebule itakuwa hapa, veranda pale, riba ikishuka tu tunaanza msingi. Mzee alivaa miwani. Akaitazama ile karatasi muda mrefu. Nilidhani anaisifu kimoyomoyo.

"Hii ndiyo mimi nangoja?"

"Ndiyo, Baba."

"Hii ya mawe?" Alivua miwani. "Nani alikuambia dala inaanza na mawe? Mimi baba yangu alinitoa na nyasi. Siku moja. Jioni moto inawaka. Hii ya mawe ni ya wewe na jirani yako. Mimi nilikuuliza siku, wewe unaniletea plan."

Mume wangu alianza kuukunja mchoro wake. Nami, kwa kuwa siwezi kukaa kimya kwenye kimya cha mtu mwingine, nikaropoka yote. Kwamba mabati yalikuwepo. Kwamba niliyarudisha dukani kidogo kidogo nikachukua pesa bila kumwambia mtu. Kwamba ni mimi niliyetia sahihi ukurasa nisiousoma. Nililia, jambo ambalo sikulipanga, na nililia vibaya, kwa kamasi.

Mzee alingoja nimalize. Kisha akauliza swali moja tu.

"Zimebaki ngapi?"

"Kumi na mbili. Mama wa duka alikataa kunirudishia."

"Kumi na mbili," akasema, akamgeukia mwanawe. "Zinatosha chumba. Wiki ijayo Jumamosi. Mimi siwezi kungoja hao watu wakae tena."

Jumatatu nilikwenda dukani na maneno ya kuomba msamaha niliyoyakariri njia nzima. Mama wa duka hakuniacha niyaseme. Aliwaita vijana wake watoe mabati, akaongeza misumari na bawaba za mlango, na nilipouliza bei akasema, "Tusi lako lilikuwa zuri, mwalimu. Nimelitumia kwa mume wangu."

Wiki ile nilipungua kilo. Sikuogopa benki tena, niliogopa Jumamosi. Kutoka lango la mzee mpaka uwanja tuliopewa si mbali, mtu mzima anafika kabla hajamaliza kuzungumza jambo moja. Lakini mzee alikuwa hawezi kutoka chumbani mpaka chooni bila kupumzika, na kubebwa alikataa. Niliota ameanguka katikati ya njia, nami nimeshika moto na sijui pa kuuweka.

Tulitoka kukiwa hakujapambazuka vizuri. Mzee mbele na fimbo yake. Mume wangu nyuma yake na jogoo kwapani, kisha mwanangu mkubwa na shoka, kisha mimi na makaa ya jikoni kwa mama mkwe kwenye kigae cha chungu, nikiyapuliza yasizime. Mzee alisimama mara ya kwanza kwenye ua wa michongoma. Mara ya pili karibu na shimo la mchanga. Kila aliposimama, sote tulisimama, na mimi nilipuliza makaa yangu nikisikiliza kifua chake. Kilikuwa kinapiga filimbi. Mara ya tatu alikaa kidogo mpaka mume wangu akanyoosha mkono. Mzee aliupiga ule mkono kwa fimbo, akaendelea.

Alifika. Akaonyesha kwa fimbo mahali pa mlango, kisha akaangukia kiti cha plastiki ambacho shemeji yangu alikuwa amekileta mapema. Mafundi na jamaa wakasimamisha nguzo. Saa nane mchana mabati kumi na mawili yalikuwa juu. Kuta zilikuwa za miti na udongo mbichi, mlango mmoja, dirisha moja. Mume wangu hakuwatazama majirani waliokuja kushuhudia, mpaka mmoja alipompa mkono akiutikisa kwa nguvu, ndipo akacheka. Mzee alisubiri mpaka aone moshi. Akala kipande kidogo cha nyama, akarudishwa kwake kwa gari, na sasa alikubali kubebwa.

Shemeji yangu alianza kuchimba msingi wake mwezi uliofuata. Mzee aliishi miezi minne baada ya siku ile. Alizikwa kwenye boma lake, na sisi tulikwenda kumzika tukitokea kwetu, kupitia lango letu.

Na riba? Ilishuka, ndiyo. Wale watu walikaa na wakashusha, wakakaa tena wakashusha tena. Benki yetu ilichelewa kama ilivyochelewa katika kila kitu isipokuwa kupandisha. Mwishowe afisa wa mikopo, kijana mwingine sasa, alinipigia simu. Nilikuwa nje ya darasa, pale pale.

"Madam, niko na habari njema. Rate yako imekuja chini. Mnaweza chagua. Tunaweza punguza ile mnalipa kila mwezi, ama muendelee kulipa hiyo hiyo na tupunguze muda. Watu wengi wanachukua ya kupunguza malipo."

Nilimwambia angoje. Niliwaza mabati tisa. Ningeweza kuyapata tena kila mwezi, nyumba ya mawe ingeanza kuinuka Bondo, ningelala. Madeni mengine yalikuwepo, karo ilikuwepo. Kisha nikakumbuka samaki wale wawili wa Dunga na vigelegele vyangu jikoni, siku niliyoipa benki miaka yetu kwa furaha kwa sababu haikutoka mfukoni.

"Usiguse malipo," nikasema. "Punguza miaka."

"Una uhakika, Madam? Si itakuwa ngumu?"

"Itakuwa ngumu," nikamwambia. Nikafunga simu, nikaitazama kidogo, kisha nikarudi darasani.